Kufuli Iliyofungwa Mara Ishirini

Somo: 1 Yohana 3:19-20

Nawasalimu ninyi mlio nyumbani hapa Kamituga, ninyi mlio kwenye mashimo na redio imetundikwa juu ya mti, mama zetu mnaotwanga mawe, na ninyi mlio njiani kuelekea Mwenga na Bukavu. Wengi waliomba maneno haya yaandikwe, ndiyo maana yako pia kwenye karatasi hii.

Leo nitasema juu ya ugonjwa mmoja, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja wa kanisa. Sitataja jina lake, wala mtaa wake, wala kwaya anayoimba, na mambo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Yeye mwenyewe alinipa ruhusa. Mtoto wake wa mwisho alipokuwa na miezi mitatu hivi, alinijia akilia. Akasema, "Pasta, nikishika kisu cha kumenyea muhogo, linaniingia wazo kwamba nitamchoma mtoto. Sitaki. Ninampenda mtoto. Lakini linakuja tu." Alikuwa amekwisha kuficha visu vyote vya nyumba juu ya dari, na muhogo alikuwa anaenda kumenyea kwa jirani. Tena, wakati wa maombi, matusi juu ya Roho Mtakatifu yalikuwa yanapita kichwani mwake. Alikuwa amesoma Mathayo sura ya 12, akaona kwamba kwake mlango umefungwa.

Mimi nilifanya nini? Nilimwambia afunge siku tatu bila kula, yeye ambaye alikuwa ananyonyesha. Kisha nikamweka katikati ya kikundi cha maombezi, tukakemea kwa sauti hadi saa sita ya usiku. Na lile linaloniuma hata leo: niliwaeleza waombezi wazo lenyewe lilikuwa nini. Kabla ya Jumapili kufika, habari ilikuwa imefika kwenye robine ambako mama wanateka maji, nayo ilikuwa imebadilika: mama fulani anataka kumla mtoto wake. Mnajua katika nchi yetu neno la namna hiyo linaishia wapi. Wako watu waliochomewa nyumba kwa neno dogo kuliko hilo. Mume wake ni mtu wa busara, akasimama upande wa mke wake mbele ya familia yote. Kama si yeye, sijui leo ningekuwa nasimulia nini.

Baada ya hapo yule mama alianza kuja kutubu kila siku. Alikuja asubuhi, akaja jioni. Saa kumi ya usiku telefone yangu inalia mara moja na kukatika, ananibipu. Nampigia, anauliza, "Pasta, kweli nimesamehewa?" Namwambia, "Ndiyo, mama, umesamehewa." Analala saa moja, anabipu tena. Niliona ninafanya kazi ya mchungaji mwema. Mke wangu ndiye aliyeniuliza usiku mmoja, akiwa amechoka na telefone, "Papa, huyu mama unamponya ama unamlisha?" Sikumwelewa.

Nilielewa siku nilipokuwa Bukavu kwenye semina ya wachungaji. Mtaalamu mmoja wa saikolojia alitufundisha nusu siku. Mimi nilikaa nyuma, na kusema kweli nilikuwa ninangoja chakula. Kisha nikasikia anamweleza yule mama, neno kwa neno, bila kumjua.

Ugonjwa huu kwa Kifaransa wanauita TOC. Kwa Kiswahili tuseme ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kurudia. Wazo baya linaingia bila kukaribishwa, mtu anashikwa na hofu kubwa, na ili hofu ipungue anafanya tendo fulani: anaosha, anahakikisha, anahesabu, anaomba sala ileile, anauliza swali lilelile. Hofu inashuka kidogo. Kisha inarudi, na tendo linataka kurudiwa. Mwingine mnaona anafanya mambo ya nje, kama kufungua na kufunga mlango. Mwingine anafanya yote ndani ya kichwa, ninyi mnaona tu mtu aliyenyamaza.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Mwaka 1978, watafiti wawili wa London, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wa kawaida, wasio wagonjwa, kama wao pia wanapata mawazo mabaya wasiyoyataka: kumpiga mtu, kumsukuma, kusema matusi mahali patakatifu. Karibu wanane kwa kila kumi walisema ndiyo. Mwaka 2014 kazi kama hiyo ilitangazwa tena, imefanywa kwa wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, na Sierra Leone ya Afrika ilikuwa ndani. Zaidi ya tisini kwa mia walikuwa wamepata wazo la namna hiyo ndani ya miezi mitatu tu. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza na kumcheka yule mama moyoni, wazo la namna hiyo limekwisha kupita kwako. Lilipita tu kama moto inavyopita barabarani na vumbi lake, wala hukuisimamisha. Yeye aliisimamisha, akamwuliza dereva jina lake na ukoo wake, akamwomba ashuke ajieleze.

Kwa nini yeye alilisimamisha? Kwa sababu kwake kuwaza na kutenda vilikuwa kitu kimoja. Wataalamu wanasema wagonjwa wengi wa namna hii wanaamini kwamba kuwaza jambo ni karibu sawa na kulitenda, au kwamba kuwaza kunaliita jambo lije. Na hapa sisi wahubiri tuna deni. Tunapenda kuhubiri Mathayo 5, aliyetamani moyoni, na tunahubiri kwa nguvu. Lakini Bwana pale anasema juu ya mtu anayetazama kwa kusudi la kutamani. Mtu huyo analitaka wazo lake, analikalisha, analipa chai. Yule mama alikuwa anakimbia wazo lake hata kuficha visu juu ya dari. Hao si watu wa namna moja.

Hata ile dhambi ya kumkufuru Roho, someni sura nzima. Wale Mafarisayo waliona kwa macho mtu amefunguliwa, nao wakakaa wakaamua, kwa kiburi, kwamba hiyo ni kazi ya Belzebuli. Hawakulia. Hawakukosa usingizi. Mtu anayelia usiku kwamba amemkufuru Roho amekwisha kunionyesha moyo wake unaelekea wapi.

Katika chuo cha Biblia tulisoma habari za John Bunyan, mhubiri wa Uingereza aliyeandika ile Safari ya Msafiri. Tulimsoma kama shujaa aliyefungwa gerezani kwa ajili ya Injili, na ni kweli. Lakini kuna kitabu kingine alichoandika juu ya maisha yake, kilitoka mwaka 1666 akiwa bado kifungoni. Humo anaeleza jinsi alivyoteswa muda mrefu na wazo moja, kwamba amuuze Kristo. Lilimjia akila, akifanya kazi. Alilipinga hata mwili wake ukawa unasukuma kwa mikono na viwiko, kana kwamba kuna mtu mbele yake. Mwishoni, kwa kuchoka, aliona moyo wake kama umekubali, naye akaishi muda mrefu akijihesabu kama Esau aliyeuza haki yake. Mtu huyu ndiye Mungu aliyemtumia kufariji mamilioni. Chuoni hatukusimama kwenye kurasa hizo. Ningefurahi kama mwalimu angesimama.

Kule kusukuma kwa viwiko kunatupeleka kwenye jambo lingine. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia watu wasiwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na wakimwaza wapige kengele. (Dubu ni yule mnyama ambaye Daudi alimwua pamoja na simba, kuna mweupe katika nchi za barafu.) Kengele zilipigwa. Kisha waliporuhusiwa kumwaza, walimwaza kuliko watu walioruhusiwa tangu mwanzo. Jaribu wewe mwenyewe baada ya kipindi hiki: usiwaze mbuzi wa jirani. Utaona mbuzi huyo anavyokuja na watoto wake. Basi sisi tuliokuwa tunamkemea yule mama, "Toa wazo hilo kichwani, litoe kabisa!", tulikuwa tunampa kazi ambayo hakuna mwanadamu anayeiweza.

Sasa nifike kwenye kufuli.

Hapa kwetu wengi mnamjua mnunuzi wa zahabu anayefunga butike, anafika kwenye kona, anarudi kuvuta kufuli, anaondoka, anarudi. Au mama anayetoka sokoni mbio kwenda kuangalia kama ameacha moto ndani ya mbabula. Mara moja, mara mbili, si kitu. Lakini yuko anayerudi mara ishirini, na ukimwuliza atakuambia, "Nasahau. Kichwa changu hakishiki."

Wataalamu nao zamani walidhani hivyo, kwamba watu hawa wana kumbukumbu mbovu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walijaribu kwa njia rahisi. Waliwachukua watu wazima wa afya, wasio na ugonjwa huu. Kwenye kompyuta waliwapa picha ya jiko la gesi: liwashe, lizime, hakikisha limezimika. Kundi moja lilifanya hivyo mara nyingi mfululizo, karibu ishirini. Kundi lingine lilifanya mara hizohizo, lakini kwa taa. Mwishoni wote walirudi kwenye jiko mara moja, wakaulizwa wanakumbuka nini.

Wote walikumbuka sawa. Walijua ni mioto ipi waliyoihakikisha. Lakini wale waliohakikisha jiko mara nyingi walisema kumbukumbu yao imefifia, haina picha safi, na hawaiamini tena. Miaka mitatu baadaye watu wa Montréal, Kanada, walifanya hivyo kwa jiko la kweli jikoni, na imani ya watu katika kumbukumbu zao ikashuka vilevile. Mmesikia? Watu wazima wa afya, ndani ya muda mfupi, walianza kusema kama wagonjwa. Kule kurudia ndiko kulikoleta mashaka.

Sababu yake naieleza kwa noti ya franga 500. Ikitoka benki ikiwa mpya unaona kila mstari wa picha. Ipitie sokoni, ipitie kwa mama wa ndizi, kwa dereva wa moto, mfukoni mwa mchimbaji na tope lake, baada ya mwaka ni karatasi ya kahawia. Bado ni 500, inanunua vilevile, lakini mtu anaigeuza mara mbili kabla ya kuipokea. Ukifunga kufuli mara moja, unakumbuka: mvua ilikuwa inaanza, ufunguo ulikuwa baridi, jirani alinisalimu. Ukiifunga mara ishirini, zote ishirini zinafanana. Hii ni ya leo au ya jana? Ya tano au ya kumi na tano? Unajua kwamba umefunga, lakini hujisikii kwamba umefunga. Kwa hiyo unarudi kutafuta kujisikia, na unarudi nyumbani umepungukiwa zaidi.

Hapa sasa nasema kama mchungaji, si kama mtafiti. Nilipokuwa nimekaa nyuma kwenye ile semina, niliona toba ya yule mama ni kufuli. Alikuwa ametubu vizuri siku ya kwanza. Angeishia pale, angekumbuka siku hiyo maisha yake yote: mahali alipopiga magoti, machozi, mkono wa mke wangu begani mwake. Mimi nikamrudisha mara thelathini. Kila "umesamehewa" niliyosema kwenye telefone ilisugua ile ya kwanza, mpaka ikawa noti ya kahawia. Mke wangu alikuwa ameliona bila semina.

Mtume Yohana, katika somo letu, anawaandikia waamini ambao mioyo yao inawahukumu. Tazameni mahali anapowaelekeza. Anawaelekeza kwa Mungu, ambaye ni mkuu kupita moyo na anajua yote. Hasemi wauchunguze moyo tena na tena mpaka uwe kimya. Moyo una haki ya kupiga kelele. Hauna haki ya kuwa hakimu.

Nataka msinielewe vibaya, maana sisi tunaishi Kamituga. Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, maji yaliingia kwenye shimo la Detroit na watoto wetu wakafia humo; familia nyingi zinanisikiliza ambazo hazihitaji kuelezwa. Mtu anayekagua miti iliyosimikwa ndani ya shimo, na kuikagua tena baada ya mvua, si mgonjwa. PDG wa shimo asiyekagua ndiye ninayemwogopa. Vilevile mpox ilipotushika tangu mwisho wa mwaka 2023, hata jina la mji wetu likasomwa ulimwenguni kote, tuliwaambia wote waoshe mikono, na tulikuwa na haki. Ila namjua kijana mmoja ambaye aliosha mpaka ngozi ikapasuka, akawa hagusi noti wala mtoto wa dada yake, na hofu yake ilikuwa inapanda kila siku huku ugonjwa wenyewe mtaani kwake ukipungua. Woga wa kweli ukifanya kazi yake unatulia. Huu mwingine ukilishwa unaomba chakula zaidi.

Ndugu zangu wachungaji wengine wameniambia nimepoa. Wananiuliza kama sasa ninahubiri saikolojia. Mimi ni Mpentekoste. Ninaamini pepo wapo na ninaamini Yesu anawatoa. Lakini si kila kitu nisichokijua ni pepo, na hata hospitali ya Panzi inaongozwa na Wapentekoste, na Daktari Mukwege mwenyewe ni mhubiri. Humo wagonjwa wanaombewa na wanashonwa.

Na msidhani mambo haya ni ya wazungu tu. Mwaka 2013 ilitangazwa kazi iliyofanyika katika vijiji 15 vya Kivu yetu, ya Kusini na ya Kaskazini, kwa mama 405 waliotendewa jeuri wakati wa vita. Wao hawakuwa na ugonjwa wa yule mama. Walikuwa na hofu na huzuni nzito, na mawazo ya kujihukumu: ni kosa langu, ningepita njia nyingine. Katika vijiji vinane walipata msaada wa kila mtu peke yake. Katika vijiji saba walikaa kwa vikundi, wakafundishwa kulishika wazo, kulitazama, na kuuliza kama ni la kweli. Wengi hawakujua kusoma, basi walijifunza kwa kichwa. Waliowafundisha walikuwa watu wa hapa wenye masomo ya sekondari. Miezi sita baada ya kumaliza, katika vikundi walibaki mama 9 kwa mia wenye dalili za hofu au huzuni kubwa. Kule kwingine 42 kwa mia. Mama zetu, kwenye mabenchi yetu.

Kwa TOC, njia inayosaidia ilianza mwaka 1966, wakati Victor Meyer, huko London, aliwasaidia wagonjwa wawili kwa kuwaacha wakutane na kile wanachokiogopa bila kufanya lile tendo la kurudia. Inauma mwanzoni. Hofu inapanda, mtu anaona atakufa, kisha polepole inashuka yenyewe bila kulishwa. Kuna dawa pia, na daktari ndiye anayeziandika. Bukavu kuna Sosame, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Karita. Najua barabara, najua bei ya usafiri. Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, semeni wazi.

Lakini mtu anayesikia sauti inayomwamuru, au mama aliyejifungua ambaye ghafla hajitambui, halali, anasema maneno yasiyoshikana, au mtu yeyote anayetaka kujiua, huyo msingoje semina wala kesha. Hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Tulifanya nini na yule mama? Kwanza nilimwomba msamaha, yeye na mume wake, mbele ya wale waombezi walioeneza habari. Haikuwa siku nzuri kwangu. Kisha, kwa maelekezo ya yule mtaalamu, tulipatana hivi. Tumetubu mara moja, imetosha. Akibipu usiku, sitapiga. Akiuliza mchana, sitasema "umesamehewa", nitasema tu, "Mama, tulipatana." Wiki ya kwanza alinichukia, na alikuwa na haki. Visu vilishuka kutoka darini kimoja kimoja: alimenya muhogo mume akiwa kando na mtoto, kisha mume akiwa nje, kisha mtoto akiwa amelala mgongoni mwake. Ilichukua miezi mingi, na kuna wiki aliyorudi nyuma kabisa.

Jumapili iliyopita, watu wakitoka, alinishika mkono mlangoni. "Pasta, leo asubuhi lilikuja tena."

Nikamwuliza, "Ulikuwa unapika nini?"

"Muhogo na sombe."

"Na kisu kiko wapi?"

Alifikiri kidogo. "Kwenye meza, nadhani," akasema, na mtoto alikuwa anamvuta kikwembe, anataka waende.